Kiko cha Bwana Msa na Marika ya Wasomaji Wake: Historia ya Ishara Moja katika Riwaya ya Upelelezi

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya ishara moja ndogo katika riwaya ya Kiswahili ya upelelezi, nayo ni kiko anachovuta Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla. Wahakiki wengi wameitaja ishara hii, na aghalabu wameitaja kwa sentensi moja tu. Husemwa kwamba Bwana Msa anavuta kiko kwa kuwa Sherlock Holmes alivuta kiko. Kisha mhakiki huendelea na mambo mengine, kana kwamba suala limekwisha. Dai letu ni kwamba halijaisha. Kiko kilikuwa na maisha yake Afrika Mashariki na ya Kati kabla Arthur Conan Doyle hajazaliwa mwaka 1859, na maisha hayo, kwa sehemu kubwa, yalifungamana na umri: nani amefikia kiwango cha kuvuta, nani angali mdogo wa kutumwa kaa la moto, na nani akivuta ataonekana hana adabu. Msomaji aliyeipokea riwaya ya kwanza ya Abdulla mwaka 1960 alikuja nayo historia hiyo mkononi. Msomaji wa leo, ambaye huenda hajapata kuona kiko ila kwenye picha, haji nayo. Wasomaji hao wawili wanasoma maneno yale yale, lakini hawasomi mhusika yule yule.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu neno limehifadhi kile ambacho wahakiki wamekisahau. Kamusi za zamani, ile ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinaeleza kwamba kiko cha wenyeji kilikuwa chombo cha maji chenye sehemu kadhaa, na kila sehemu ilikuwa na jina lake. Bori ni kile kibakuli cha udongo kinachotiwa tumbaku na kaa. Digali ni mwanzi unaotoka kwenye bori na kuzama majini. Shilamu ni mwanzi unaofika kinywani. Chombo chenyewe cha maji, ambacho mara nyingi kilikuwa kifuu cha nazi au kibuyu, ndicho kiko. Na hapo sehemu moja ikakipa kifaa kizima jina. Ule mgugumio wa maji wakati wa kuvuta nao ulikuwa na jina: malio. Lugha iliyoona haja ya kuipa jina hata sauti ya chombo ni lugha ya watu waliokaa na chombo hicho kwa muda mrefu na bila haraka.

Lililotokea baadaye linastahili kuangaliwa kwa makini. Mzungu alipokuja na kiko chake kikavu cha mti, kisicho na maji wala kifuu, Waswahili hawakukitafutia neno la kigeni, ingawa walikuwa hodari wa kukopa. Sigara waliikopa. Biri waliikopa kutoka Bara Hindi. Kiko cha Mzungu walikiita kiko, na mahali pengine mtemba, maneno yaliyokuwapo tayari. Kwa hiyo, anapotajwa mtu mwenye kiko katika nathari ya Kiswahili ya katikati ya karne ya ishirini, neno moja linabeba vitu viwili: kifuu cha babu barazani na kiko cha mti cha bwana mkubwa wa serikali. Kiingereza hakina utata huu. Ni mali ya Kiswahili, na mwandishi wa Kiswahili anaweza kuutumia hata bila kuukusudia.

Sasa tuje kwenye umri. Tumbaku ni mmea wa Amerika, na ilifika katika mwambao na bara baada ya safari za Wareno. Lakini jamii zilizoipokea hazikuipokea kama bidhaa ya kila mtu. Ziliiingiza katika mpangilio wa marika uliokuwapo. Miongoni mwa Wamaasai, mathalani, tumbaku na pombe vilikuwa vitu vya wazee. Morani alitarajiwa kujiepusha navyo, na kujiepusha huko kulikuwa sehemu ya kuwa morani. Katika Rwanda na Burundi, taswira iliyozoeleka ya mvuta kiko si ya mwanamume bali ni ya bikizee aliyeketi na kiko chake kirefu. Miongoni mwa Watonga wa bonde la Zambezi, kiko cha kibuyu chenye maji ni cha wanawake watu wazima. Kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, urefu wa kiko cha mwanamke ulikwenda sambamba na hadhi yake, na vile virefu zaidi vilikuwa vya akina nyanya. Jambo hili la wanawake linahitaji kusisitizwa, kwa kuwa fikra ya kwamba kiko ni alama ya uanaume imetujia kutoka Ulaya na tumeikubali bila kuihoji. Katika sehemu kubwa ya Afrika, kilichopima haki ya kuvuta hakikuwa jinsia. Kilikuwa umri, na hasa kumaliza zile kazi za ujana: kuzaa, kulima, kuchunga, kupigana.

Ni rahisi kuona kwa nini. Kiko cha maji hakivutwi huku mtu anatembea. Kinahitaji mahali pa kuketi, kaa la moto na muda. Mwenye muda ni mzee, na mwenye kuleta kaa ni mtoto. Hivyo kijana alikijua kiko tangu utotoni, lakini alikijua kwa kukitumikia. Alijua uzito wa bori na joto la kaa kabla ya kujua ladha ya moshi. Moshi huo ulikuwa ahadi ya umri utakaokuja. (Kwenye mwambao dini nayo ilikuwa na neno lake: wanazuoni wa Kiibadhi walioshikamana na Oman waliihesabu tumbaku kuwa haramu, kwa hiyo hapo si kila mzee alikuwa na kiko. Hilo ni somo la makala mengine.)

Ingefaa kuonya, hata hivyo, dhidi ya kudhani kwamba kiko kilikuwa cha wazee siku zote na mahali pote. Mfano unaovuruga dhana hiyo unatoka Kasai, katika Kongo ya leo. Wasafiri wa Kijerumani Paul Pogge na Hermann Wissmann walipofika kwa Bashilange mwaka 1881 walikuta jamii iliyokwisha kugeuka chini ya chifu Kalamba Mukenge. Waliojiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi, walikuwa wamefanya uvutaji wa pamoja wa kiko kuwa ibada ya udugu mpya. Mabadiliko hayo, kwa mujibu wa maelezo ya wasafiri hao, yalisukumwa zaidi na vijana huku wazee wakipinga. Hapa kiko si tuzo ya uzee. Ni silaha ya kuuangusha utawala wa wazee. Yafaa tuyasome maelezo hayo kwa tahadhari. Wissmann ni yule yule ambaye mwaka 1889 aliongoza majeshi ya Kijerumani dhidi ya Abushiri bin Salim kwenye mwambao, na urafiki wake na Kalamba ulimfaa kisiasa. Si ajabu akiwasifu vijana waliompokea na kuwadharau wazee waliomkataa. Lakini hata tukipunguza chumvi, mfano unabaki na maana. Unatuonyesha kwamba kiko, kwa kuwa kilihesabiwa kuwa mamlaka, kiliweza kunyakuliwa. Hakuna anayenyakua kitu kisicho na thamani.

Twende Uingereza, kwa kuwa ndiko ambako wahakiki wanasema kiko cha Bwana Msa kilitoka. Huko nako mambo si kama yanavyodhaniwa. Kwa hesabu ya hadithi zenyewe, Holmes alikuwa hajafikia miaka thelathini alipokutana na Watson katika riwaya ya mwaka 1887. Kiko chake hakikuwa cha mzee. Katika hadithi ya mwaka 1891 anapima ugumu wa kesi kwa idadi ya viko atakavyovuta kabla ya kuifumbua, na maana yake ni kwamba kiko ni saa ya mwenye akili, kipimo cha muda ambao mwajiri hawezi kuununua. Doyle anampa viko vya udongo na vya mti. Kile kiko kikubwa kilichopinda cha kibuyu, ambacho leo kila mchoraji wa katuni humpachika, hakimo katika hadithi hizo. Kilishikamana na jina lake baadaye, kupitia jukwaa na sinema. Na kibuyu chenyewe, kwa taarifa ya wale wanaotafuta asili ya mambo Ulaya peke yake, kilitoka Afrika Kusini.

Kilichokizeesha kiko cha Waingereza ni sigara. Baada ya mashine ya kusokota sigara kubuniwa Marekani mwaka 1880, na hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vijana waliihamia sigara, na kiko kikabaki na wale waliokuwa wamekizoea. Kila mwaka uliopita uliwaongeza umri wao na cha kwao. Kufikia miaka ya 1960 kiko kilikuwa kimekuwa vazi la utu uzima. Harold Wilson, aliyepata kuwa waziri mwaka 1947 akiwa na miaka 31 na akawa Waziri Mkuu mwaka 1964, alijulikana kwa kiko chake mbele ya kamera, na waliomfahamu wameeleza kwamba faraghani alipenda zaidi sigara nene za kizungu zile ziitwazo siga. Mwanasiasa huyu alielewa jambo ambalo bikizee wa Rwanda angelielewa pia: kiko humwambia mtazamaji kwamba mwenye kukivuta hana papara.

Katika Afrika Mashariki sigara ilifanya kazi ile ile kwa kasi zaidi. Kiwanda cha sigara cha Jinja kilifunguliwa mwaka 1928, na vijana waliokwenda kufanya kazi mjini, bandarini na relini walikutana na kitu kilichouzwa kwa senti, kilichowashwa kwa kiberiti na kuvutwa huku mtu anatembea. Hakikuhitaji baraza wala mtoto wa kuleta kaa. Hakikumsubiri mtu azeeke. Tukiitazama hivi, sigara ilikuwa ukombozi wa kijana kutoka kwenye foleni ya umri. Na wazee walioilaumu hawakuwa wanalaumu moshi, kwani nao walikuwa wakiuvuta. Walilaumu kuruka kwa foleni. Madhara ya kiafya hayakuwa sehemu ya ugomvi huo. Utafiti wa Doll na Hill uliohusisha uvutaji na saratani ya mapafu ulitoka mwaka 1950, na ilichukua muda mrefu kabla ya habari hiyo kuwa hoja ya kawaida katika nyumba zetu.

Hapo ndipo Abdulla anapoingia. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti, na tangu mwaka 1958 mhariri wa jarida la Mkulima. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi wa hadithi la miaka ya 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Bwana mmoja, Ali bin Said, amekutwa amekufa penye mzimu wa wahenga. Wenyeji wana maelezo ya kifo hicho yaliyorithiwa. Bwana Msa, akiwa na rafiki yake Najum, anafika na kuonyesha kwamba kifo kina mkono wa binadamu.

Tuutafakari ugumu wa kijamii wa kazi hii, kwa kuwa ndio unaotoa maana ya kiko. Mpelelezi wa London anapoikataa dhana ya mashetani, anakwenda pamoja na mkondo wa elimu ya jamii yake. Anayeaibika ni mshamba. Mpelelezi wa Unguja anapoikataa dhana ya mzimu, anawapinga waliomtangulia. Jina lenyewe la riwaya linasema watu wa kale. Anayesema kwamba mzimu haukuua anasema, kwa maana moja, kwamba wazee hawajui. Na katika adabu ya Kiswahili hilo ni neno ambalo kijana hawezi kulitamka na akasikilizwa. Angeambiwa ni msomi wa juzi aliyelewa vitabu vya kizungu. Abdulla alihitaji mhusika mwenye fikra mpya na haki ya zamani ya kusikilizwa. Hakumfanya mzee wa mkongojo, kwa sababu mpelelezi lazima atembee, achungulie, apande na kushuka. Badala yake alimpa chombo cha wazee.

Kwa maoni yetu, basi, kiko cha Bwana Msa kinafanya kazi ambayo kiko cha Holmes hakikuhitaji kuifanya. Kwa Holmes kiko ni upweke: anajifungia chumbani, moshi unajaa, jibu linakuja. Kwa Bwana Msa kiko kiko hadharani, mbele ya Najum na mbele ya watu, katika jamii ambayo ukimya wa mzee anayevuta una maana ya kwamba shauri linapimwa na wadogo wangoje. Anapokitia moto hajibu haraka, na kutojibu haraka ndiko kunakomtofautisha na kijana. Utulivu wake ni wa barazani. Anachokiamua baada ya utulivu huo ndicho kipya. Hatukatai kwamba Abdulla alimsoma Doyle, wala haiyumkiniki kukana athari hiyo; mpelelezi na rafiki yake asiyeona mbali wanajulikana walikotoka. Tunachokataa ni kauli kwamba kilichokopwa kimebaki kilivyokuwa. Hapana shaka kiko cha Bwana Msa ni cha mti na hakina malio. Lakini msomaji wa mwaka 1960, ambaye neno kiko lilimletea kifuu pamoja na mti, aliweza kumsikia mzee ndani ya msomi.

Ni wazi pia kwamba usomaji huu ulikuwa na muda wake. Mwaka 1974 Abdulla alipotoa Siri ya Sifuri, Elvis Musiba naye alitoa Kufa na Kupona, na vijana wa miji wakapata shujaa wa aina nyingine kabisa: Willy Gamba, mtu wa bastola, gari na safari za ndege. Shujaa huyo hahitaji idhini ya wazee kwa sababu haongei nao. Anaongea na dola inayomtuma. Kwa msomaji aliyelelewa na Willy Gamba, kiko cha Bwana Msa kilianza kuonekana kuwa cha mjomba anayechelewesha hadithi. Abdulla hakukibadilisha. Aliendelea na mpelelezi wake hadi Kosa la Bwana Msa ya mwaka 1984, na kuna uaminifu fulani katika ukaidi huo, ingawa lazima tukiri kwamba katika riwaya za baadaye kiko kinakaribia kuwa kitambulisho tu, kama kofia ya mchekeshaji, na nguvu ile ya riwaya ya kwanza imepungua.

Wanafunzi wa sasa wako mbali zaidi. Kwa wengi wao kiko ni kitu cha sinema za kale: alama ya profesa, au ya baharia, au ya Mzungu wa kikoloni. Hawacheki kwa dharau; hawana tu mahali pa kukiweka. Lakini rika hili hili lina kiko chake, na halijui. Shisha, ambayo jina lake linatokana na neno la Kiajemi la kioo, ni bori, digali, chombo cha maji na shilamu. Kifuu kimegeuka kioo, na mwanzi umegeuka mpira. Malio ni yale yale. Desemba 2017 serikali ya Kenya iliipiga marufuku, baada ya Tanzania kufanya hivyo mwaka 2016, na suala hilo likafikishwa mahakamani. Sababu za kiafya zilizotolewa ni za kweli, kwa kuwa maji hayaondoi sumu ya moshi kama wavutaji wengi wanavyojidanganya. Hata hivyo, katika lawama za watu wazima kuhusu shisha mtu angeweza kusikia jambo jingine zaidi ya afya: malalamiko kwamba vijana wamejitwalia starehe ya kuketi. Wameketi mchana, wameketi pamoja, wasichana kwa wavulana, na hawajamaliza kazi za ujana. Ni lawama ambayo mzee wa Kimaasai wa karne iliyopita angeitambua mara moja. Na inaelezwa kuwa ni ugeni, uchafu ulioletwa kutoka nje, mwambao ule ule ambao kamusi zake zinakumbuka jina la sauti ya maji ndani ya kifuu.

Matokeo kwa ufundishaji si madogo. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kiko cha Bwana Msa ni cha Holmes, ataandika hivyo katika mtihani, na atakuwa amejifunza kwamba riwaya ya Kiswahili ilianza kwa kuiga. Akionyeshwa bori, digali na shilamu, ataanza kuuliza kwa nini watu wa kijiji wanamsikiliza mtu huyu asiye mzee. Swali hilo la pili ndilo linalomrudisha kwenye matini. Wachapishaji wanaotayarisha matoleo mapya ya riwaya za Abdulla hufikiria kuongeza faharasa ya maneno magumu, na neno kiko haliingii humo kwa kuwa linadhaniwa kuwa rahisi. Tungependekeza liingie, pamoja na kile kifuu cha nazi.